Kibali Ambacho Sikukiomba

Dadamu, Arua
9 Juni 1991

Mpendwa dada Santina,

Pokea salamu za nyumbani. Kile kifua kimepona? Watoto wanaendeleaje na mvua za Jinja? Sisi tu wazima na mihogo iko, ila nyumba ya mama yako, mke mwenza wa mama yangu, ina ukimya ambao hatujauzoea.

Najua ulivyoumia barabara ya Karuma ilipofungwa ukashindwa kuja kumzika. Liko jingine, na ni heri ulisikie kwangu.

Baada ya maziko, mjomba wako Adrabo alituma neno kutoka Logiri: Jumamosi ya juma lililofuata angekuja na watu wa kwao kumlilia dada yake kwa desturi. Watu kama sitini, kwa miguu, pembe zikilia, pinde na mishale mkononi, wakipita katikati ya mji wa Arua.

Mimi ndiye mwenyekiti wa RC, baraza la wananchi, hapa kijijini. Nilijua msafara wa namna hiyo unahitaji kibali cha polisi, na nilikuwa na juma zima la kukiomba. Sikwenda. Tangu serikali ya akina baba ipinduliwe mwaka 1979, mtoto wa askari wa zamani kama mimi hapendi kuingia ofisi yenye bunduki mlangoni.

Asubuhi ya Jumamosi nikawangoja mwanzo wa mji, nikawaambia sheria imekataza.

"Dada yangu nimuage kimya," Adrabo akaniuliza, "kama mtu asiye na kwao?"

Nikarudia: sheria. Akina mama wa msafara walikuwa wamekwisha kujipaka majivu. Wenzake wote wakageuka, wakarudi. Adrabo peke yake alinifuata hadi kaburini. Alisimama pale kitambo, mikono mitupu, kisha akaondoka bila kuonja hata maji yetu. Mke wangu Keji alilia kuliko siku ya maziko.

Jumatatu nilijikaza nikaenda polisi. Ofisa wa zamu akanishangaa.

"Si ungekuja tu kuuliza? Karatasi iko. Mishale munafunga pamoja mpaka munapita mji, na askari wawili natangulia kusimamisha magari."

Basi, dada, sheria haikumkataza mtu. Nilikataza mimi, kwa woga wangu.

Nilikwenda Logiri na mbuzi, nikakiri. Adrabo aliniuliza neno moja: "Uliuliza?" Nikasema hapana. Mbuzi hakumpokea. Alisema atakuja utakapomwita wewe, mwenye mama, si mimi.

Kibali ninacho sasa, kimepigwa muhuri, cha Jumamosi tarehe 17 Agosti. Ukiweza, njoo umwite. Ukishindwa kunisamehe, njoo hivyo hivyo. Mama yako hana kosa.

Keji anakusalimu, pia Pitia na mzee Nasur jirani. Wasalimie shemeji na watoto. Mungu awafunike na awafungulie njia.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye kwa aibu,
Kasimiro