Ndege Moja Hakuitaja

Jumamosi, 20 Desemba 2025

Aciro amemimina uji kwenye kiatu cha baba yake sasa hivi. Cha kazi! Halafu akajipigia makofi. Nimecheka mpaka nikakaa chini.

Baba yake, Ocira, hakucheka. Tangu arudi kutoka uwanja wa ndege amelala akiangalia ukuta. Krismasi hii ndege zimejaa kama bodaboda za soko la Kalerwe, na watu wa rada kama yeye, wanaoziongoza angani, hawapumui. Kichwa tu kinauma, anasema.

Jumapili, 21 Desemba

Ameniambia. Nilikuwa nakaanga samaki, akaanza tu.

Kazini kwao mtu haachii kiti mpaka amtajie anayekuja kukaa ndege zote alizo nazo, moja moja. Hata akinipa Aciro ananitania hivyo — amekula, amekojoa, ana usingizi, pokea! Jana Abdul-Karim wa meza ya pili alimpigia simu: nakuletea moja, inashuka. Akajibu sawa. Halafu akainuka haraka akanywe chai, kiti akamwachia Akidi, yule msichana mpya. Akamtajia zote. Hiyo moja, hapana! Abdul-Karim naye aliona mtu amebadilika kwenye kiti, hakuuliza kitu. Akidi akaruhusu nyingine ipande palepale.

Nusura zigongane. Watu wangapi mle ndani! Watoto kama huyu wangu, wamepakatwa.

Nimemwambia, Baba Aciro, sema tu ulivyosahau. Ametoka nje. Lakini atasema. Namjua, moyo wake si mbaya.

Jumatatu, 22 Desemba

Kichefuchefu! Abdul-Karim yuko sebuleni anatafuna kuku wangu. Kesho wakubwa wanawahoji. Simu zinarekodiwa, anasema, lakini mnavyoachiana kiti hakuna anayerekodi. Eti yeye ataapa alimsikia Ocira akimtajia Akidi zote. "Yule bado mgeni, hana mtu nyuma yake. Wewe una mtoto, ndugu yangu."

Mtoto! Uchafu wao wanaufunika kwa Aciro wangu! Na vidole vinang'aa mafuta.

Nilisimama pale na birika. Akanicheka — shemeji, mbona umevuta mdomo, chumvi imezidi? Nikamwambia chumvi iko sawa, kinachonuka ni maneno. Ocira aliangalia sahani. Hakusema ndiyo. Hapana pia hakusema! Mwanaume ambaye niliiacha Bungoma yetu kwa ajili yake. Nimekimbilia jikoni nisije nikamwaga chai mahali pabaya.

Lango linagongwa. Nimechungulia — Akidi! Macho yamevimba, yuko na yunifomu bado. Anaita, kaka Ocira, nakuomba, tuongee tu kidogo kabla ya kesho.

Sebuleni wamezima redio. Watu wazima wawili, kimya kama panya! Sasa Ocira ananong'ona mlangoni kwangu: Mama Aciro, kamwambie sipo.

Mimi ndiye nikaseme! Na Aciro mgongoni!

Ananiita tena. Haya, naenda. Lakini nikifungua hilo lango nitamwambia Akidi kwamba Ocira yuko ndani, aingie.