Kijiko yangu kwa mafuta ya Mama Kahindo

Butembo, siku ya posho (jumamosi), jioni

Bacheke tu. Miye sijuti kitu.

Soko imefunguliwa leo, kisha majuma mingi ya kufungwa juu ya corona. Ku mulango kila mutu ananawa mikono na klore, anafunika mudomo na kashene. Nikasema, sawa, batu balielewa.

Mais nikafika kwa Mama Kahindo, mwenye kuuzisha mafuta ya ngazi, ile nyekundu ya mawese. Huku kwetu hakuna mwenye ananunua mafuta bila kuonja. Donc kila muteja anashusha kashene, anachovya kidole mu kifuniko moja, analamba, anapitishia mwenzake!

Nikatosha kijiko yangu mu kikwembe yenye nilifunga ku kiuno. Bote bakacheka.

"Masika, unaona mafuta yangu ni sumu?" Mama Kahindo akaniuliza.

"Mafuta yako haina shida, Mama. Shida ni vidole vya soko muzima. Unimwangie mu kijiko."

Akakatala. Eti ninamukimbizia bateja. Nikarudia ku nyumba na bidon tupu.

Ninaogopa, siwezi kujidanganya. Mama-mukwe anakohoa tangu jana. Pengine ni baridi tu, pengine...

Batoto balikula sombe, majani ya muhogo, bila mafuta, bakanuna. Banune.

Siku ya kwanza ya juma yenye inakuya, ninarudia pale na vijiko mbili, kimoja cha Mama Kahindo mwenyewe. Kule Eringeti, wakati ya vita, nilikimbia na mutoto ku mugongo, masasi inapita juu ya kichwa, ikanikosa. Leo nikufe juu ya kulamba kifuniko? Hapana.