Nyuzi za Zambarau Kwenye Maji Masafi

Dada Halima,

Shikamoo. Naanza na hiyo mapema usije ukaninunia huko uliko. Umenizidi miaka michache tu, lakini shikamoo yako ulikuwa unaidai utadhani wewe ndiye uliyenizaa. Nikiwa nimekasirika naitoa kwa shida, nawe unaitikia marahaba ndeeefu ya kunichokoza, mpaka nacheka bila kupenda. Nimeikumbuka sana hiyo marahaba. Hakuna mwingine anayejua kuniudhi vile.

Niko Kilosa, nimekaa kibarazani. Zuhura yuko madrasa, ndiyo maana nimepata nafasi ya kukuandikia. Akiwepo simwezi kwa maswali. Mwanao hajambo. Nilimchukua kutoka Mikumi baada tu ya msiba, akahamia shule ya huku, na walimu hawana malalamiko ila kwamba anaongea sana darasani. Hilo unajua kalitoa wapi. Ananiita mama mdogo kwa adabu zote, halafu hapo hapo ananimaliza: "Mama mdogo, ugali wako una madonge." Na kweli una madonge. Kwetu wewe ndiye uliyejua kusonga ugali, mimi nilipelekwa shule.

Pale kwetu Masanze, siku tunakuzika, jirani mmoja alinivuta pembeni akaninong'oneza, "Si hizo plastiki zenu mnazopima ndizo zilizomharibu figo?" Nilitaka kumjibu vibaya, Dada. Nikajizuia. Nikamwambia mimi napima maji, sijawahi kupima watu, na daktari alisema figo zako zilianza kuharibika zamani kwa sababu ya presha. Sitaki kukitumia kifo chako ili kazi yangu ionekane kubwa. Lakini neno lile lilinikaa kifuani, kwa sababu kazi yenyewe niliianzia mikononi mwako.

Unakumbuka siku ile nilipokuja Mikumi na chupa zangu za kioo? Wewe ulikuwa kule nyuma ya hoteli ya wageni wa mbugani, kwenye chumba cha kufulia, umezungukwa na yale mablanketi ya manyoya ambayo wageni wanajifunika asubuhi wakienda kutazama wanyama. Nikakuomba maji yanayotoka kwenye mashine. Ukaniangalia juu mpaka chini. "Maji machafu ya watu unayataka ya nini, Asha? Umeanza uchawi?" Nikakueleza kwamba nguo hizi za manyoya ni plastiki iliyosokotwa, na kila zikifuliwa zinapukutisha vijiuzi vidogo visivyoonekana kwa macho, vinapita kwenye bomba, vinaingia mfereji wa nyuma, na mwisho vinafika kwenye kijito ambako watu wanachota maji na ng'ombe wanakunywa. Mradi wetu unataka kujua vinatoka kwa wingi gani. Ukasema, "Haya, jaza chupa zako, lakini meneja akija mimi sikujui."

Ulipokuja Kilosa nilikuonyesha. Nilikuwa nimeyachuja maji ya blanketi moja kwenye karatasi nyembamba, nikaiweka chini ya hadubini, nikakusogezea kiti. Ulitazama muda mrefu. Kisha ukanyanyua kichwa ukasema, "Kumbe mimi sifui. Nanyonyoa." Nimelirudia neno hilo mbele ya watu wengi, wazungu na maprofesa, na kila mara nasema ni la dada yangu.

Kilichokuchekesha kupita vyote ni maji masafi. Nilikwambia kwamba kila tukichuja maji ya kufulia, lazima tuchuje pia maji masafi ambayo hayajagusa nguo yoyote. Karatasi ya maji masafi inatakiwa itoke nyeupe, haina kitu. Ikiwa na nyuzi, basi nyuzi hizo zimetoka kwetu sisi, kwenye nguo zetu na hewa ya chumba, na kipimo chote cha siku hiyo hakifai. Ulicheka mpaka ukashika mbavu. "Yaani umesoma miaka yote hiyo ili uje kuchuja maji masafi!" Siku zile nikipiga simu huulizi kazi inaendaje, unauliza maji masafi hayajambo?

Sasa sikiliza kilichotokea.

Lile sweta lako la zambarau, la mtumba, lenye zipu iliyokuwa inakwama. Ndilo ulilokuwa umevaa tulipokupeleka hospitali, na nesi akanikabidhi kwenye mfuko baada ya… baada ya yote. Sikulifua. Nililiweka kabatini kwangu na mfuko wake. Nikifungua nasikia harufu ya mafuta ya nazi, moshi, na ile dawa ya kuchua uliyokuwa unapakwa mgongoni siku za mwisho. Nilikuwa nafunga mlango wa chumba nachomeka pua humo, nalia mpaka natosheka, halafu natoka kupika ugali wangu wa madonge.

Baada ya arobaini Mjomba Seifu alituita Masanze kugawa nguo zako. Kina shangazi walikuwa wamezifua zote, wamezikunja vizuri kwenye mkeka. Vitenge vikaenda kwa dada zako wa ukoo, baibui jeusi likaenda kwa yule rafiki yako wa Kidodi aliyelia kupita sisi ndugu. Mjomba akahesabu kwa macho, akauliza, "Na lile sweta la zambarau liko wapi?" Nikasema ninalo mimi. Akasema hilo ni la mtoto, lifuliwe apewe. Na mimi, Dada, badala ya kusema ukweli kwamba siwezi kulitia majini, nikaanza kuhutubia! Nikasema nguo ya namna ile haifai kufuliwa ovyo, kila ukiifua inatoa nyuzi, nyuzi zinakwenda mtoni, samaki wanazimeza. Mjomba alinisikiliza mpaka nikamaliza. Akasema, "Kwa hiyo tutembee uchi ili samaki wa Mto Mkondoa wapone?" Watu wote wakaangua kicheko, kwenye shughuli ya marehemu! Ungekuwepo ungegaragara.

Zuhura peke yake hakucheka. Alikuwa amekaa pembeni ya mkeka anachezea ncha ya mtandio wake, ananitazama. Nikamwahidi Mjomba nitalifua. Niliporudi Kilosa nikalirudisha kabatini.

Ukaja msimu wa baridi, na unaijua asubuhi ya Kilosa ukungu ukishuka milimani. Mtoto anatoka kwenda shule amejikunyata. Nikamnunulia sweta jipya jekundu, zuri, la kumtosha. Akashukuru, akalikunja, akaliweka chini ya mto wake na kuendelea kutetemeka. Hakuniomba lako. Hilo ndilo liliniumiza, kwamba hakuomba. Na lako nilikuwa nalivaa mimi. Nilianza kulivaa nyumbani jioni, baadaye nikazoea, nikawa nakwenda nalo kazini, navalia koti jeupe juu yake.

Mimi, Dada! Mimi ndiye niliyebandika tangazo mlangoni mwa maabara kwamba haingii mtu humu na nguo ya manyoya, pamba tu. Nimewahi kumrudisha mgeni mkubwa kabisa kwa sababu ya skafu yake. Lakini sweta lako sikuliona kama nguo. Niseme nini tena.

Asubuhi moja Dokta, mama anayesimamia mradi wetu, aliniita kwenye hadubini. Ilikuwa karatasi ya maji masafi, ya kwanza kutazamwa kati ya zote tulizokusanya tangu baridi ianze. Nikainama, nikaona nyuzi za zambarau. Zilikuwa nyingi, zimejikunjakunja, zinang'aa kwenye mwanga. Nikazijua kabla hata hajauliza. Dokta akasema kwa upole, "Asha, nani humu ana kitu cha zambarau?" Nikafungua vifungo vya koti.

Nililia pale pale kama mtoto. Vipimo vyote vya mablanketi tulivyokuwa tumevifanya tangu baridi ianze vikawa vya kutupwa, kwa sababu mablanketi nayo yana mistari ya zambarau, na hatukujua nyuzi zipi ni za blanketi na zipi ni zako. Dokta hakunifokea. Alinishika bega, akasema, "Pole, mama. Tutarudia. Lakini hilo sweta lisirudi humu ndani." Akanipa ruhusa niende nyumbani.

Njiani nilikuwa na hasira, sijui na nani. Nimelizuia sweta lisiguse maji ili usinitoke, kumbe ulikuwa unanitoka kila siku, kwenye kiti, kwenye mkeka, kwenye kikombe cha chai. Nilipofika nikafunga mlango, nikachomeka pua kwenye ukosi kama kawaida yangu. Dada, sikukusikia. Nilisikia jasho langu na mafuta yangu ya kupaka. Nimelivaa mpaka nimekufuta. Nilikaa sakafuni, na nikaogopa kweli, kuliko nilivyoogopa siku ya kifo chako, kwa sababu siku ile nilikuwa na watu na leo nilikuwa peke yangu na nilichokifanya.

Zuhura alirudi kutoka shule akanikuta hapo, sweta liko mapajani. Nikadhani atanuna. Akasema, "Mama mdogo, nilete beseni?" Yaani siku zote alikuwa ananisubiri mimi nikubali kulifua.

Tukalifua wote wawili uani. Nikamfundisha ninavyojua: maji ya baridi, maana ya moto yanachokoza nyuzi zitoke; tusikamue kwa nguvu wala kusugua na brashi, tubonyeze tu kwa viganja; sabuni ya mche, kidogo. Maji hatukuyamwaga mferejini. Tuliyapitisha kwenye kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara kadhaa juu ya ndoo, taratibu, kikombe baada ya kikombe. Kitambaa si sawa na karatasi zetu za kazini, vile vidogo kabisa vitakuwa vimepita, lakini juu yake palibaki utando wa zambarau kama manyoya ya kifaranga. Mwanao akauliza, "Tuzihesabu?" Nikamwambia leo hapana, leo mama mdogo hayuko kazini. Tukaanika sweta kivulini.

Lilipokauka akalivaa. Mikono imemzidi, akaikunja. Zipu ikakwama pale pale pa siku zote. Kisha akavuta ukosi akafunika pua, akavuta pumzi, na mimi nilijua atakachokuta. Hakuna mafuta ya nazi humo tena, hakuna moshi, hakuna kitu. Nikaanza kumwomba radhi. Nikamwambia, mwanangu nisamehe, nimechelewa, imebaki sabuni tu.

Akanitazama kama mtu asiyeelewa kitu. Akasema, "Si ndivyo mama alivyokuwa ananukia?"

Mimi nilikuwa nakumbatia dawa ya kuchua na hospitali. Mtoto anamkumbuka mama aliyekuwa akirudi kutoka kufua mablanketi ya watu, anamkumbatia mlangoni, mikono bado ina ubaridi wa maji na sabuni. Alikuwa anataka nilifue tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nimemzuilia mama yake kabatini kwa kudhani namtunza.

Tangu siku hiyo halivui ila kwa ugomvi. Amelala nalo, amekwenda nalo Masanze, Mjomba amelisifia na kuniuliza kama samaki wamepona. Lile jekundu tumempa mtoto wa jirani.

Na kazi inaendelea, usidhani nimefukuzwa. Vile vipimo tumevirudia vyote, na karatasi za maji masafi sasa zinatoka nyeupe. Dokta akiniona naingia ananikagua kwanza, tunacheka. Tumeona kwamba blanketi jipya linamwaga nyuzi kuliko lililokwisha kufuliwa mara kadhaa, na kwamba mashine ikijazwa vizuri zinapungua kuliko ikifua vitu viwili vitatu vinavyoelea. Uliwahi kulalamika kwamba meneja anawasha mashine kwa ajili ya blanketi moja la mgeni. Nimemwambia, na safari hii kwa maandishi. Wamefunga chujio kwenye bomba lako la nyuma. Binti aliyeshika nafasi yako anasema kulisafisha ni adha, analalamika kuanzia anaingia mpaka anatoka, nami nimempenda kwa hilo.

Nasikia watoto wanatoka madrasa, atafika sasa hivi. Ninakuombea, Dada, nikiswali na nikiwa barabarani. Mola akupe mapumziko ambayo hapa hukuyapata. Sina cha kukuletea zaidi ya ahadi, na ahadi yenyewe ni hii: sweta la Zuhura likichafuka nitalifua. Kwa maji ya baridi, kwa sabuni ya mche, na kitambaa juu ya ndoo. Nitalifua kila likichafuka, mpaka nyuzi ziishe, ili mwanao asikukose.

Mdogo wako,
Asha