Ndoo ya Rijekti Meza Kuu

Mektilda usinipigie, nitalia mbele za watu. Soma tu.

Niko Ipuli kwa Adriano, kwenye sherehe ya kipaimara ya binti yake. Adriano huyuhuyu, msimamizi wa ndoa yangu!

Unakumbuka asali yangu ya Usinge? Yeye ndiye mpimaji pale kituo cha kununulia asali; aliionja, akatema chini, akasema kwa sauti watu wote wasikie: "Rijekti."

Rijekti!! "Inanuka moshi hii, haifai kuliwa na binadamu."

Niliona aibu, nikaiacha palepale. Si unajua kwetu ndoo ya rijekti hairudi nyumbani, inabaki kwa wapika pombe.

Sasa leo asali imewekwa meza kuu. Ndoo yangu, Mektilda. NDOO YANGU. Mshikio bado umeviringishiwa kile kitambaa nilichokata kwenye kitenge cha msiba wa mama. Hata kukitoa akitupe hakujisumbua!

Padri kalamba kijiko, kafumba macho, kauliza asali tamu hivi imetoka wapi.

Adriano kasimama. Ananitazama mimi usoni kabisa, anacheka: "Padri, hii ni ya mizinga yangu mwenyewe. Mimi asali naijua. Rijekti haiingii nyumbani kwangu."

Haiingii nyumbani kwake!! Ananitazama mimi!

Watu wote wakapiga makofi, na vigelegele juu.

Na mimi nilipiga, Mektilda. Mikono hii hii iliyorina asali ile. Nilipiga makofi.