Mayu, Mchungaji Amemwombea Masanja

Mama Kulwa, mwangaluka mayu, salamu za asubuhi mama yangu wa kazi.

Kwa masikitiko makubwa, na kwa niaba ya uongozi mzima wa ofisi, yaani mimi, nakutangazia rasmi kwamba birika la umeme limeungua. Shughuli zote za chai zimesitishwa hadi itakapotangazwa vinginevyo.

Nimeanza na birika kwa sababu yaliyobaki ni mazito.

Tangu tukuzike kule Nassa, kazi yetu ya kuzitafutia kampuni mameneja naifanya peke yangu. Wateja wakiingia huangalia kwanza kiti chako, ndipo wananisalimia. Mwezi uliopita kiwanda kimoja cha mafuta cha Shinyanga kilitaka meneja mkuu. Nikamwaza Masanja, yule msimamizi wa mashine kwenye kiwanda cha pamba cha Mzee Nkwabi. Masanja alikubali kuomba, kwa sharti moja: bosi wake asijue. Ana watoto wanne shuleni, na Mzee akisikia tu, anamtoa getini siku hiyohiyo.

Ulinifundisha, "Mabula, mdhamini hapigiwi simu mpaka mwenye CV aruhusu kwa mdomo wake." Uliirudia mpaka nikawa naimalizia mwenyewe, ukacheka, ukaniita kasuku wa fotokopi, maana ulinitoa kwenye kibanda cha kutoa kopi.

Basi kasuku alisahau. Shinyanga walikuwa wananiharakisha, mdhamini wa kwanza kwenye CV ni mchungaji, nikajiambia mchungaji ni mtu wa siri. Nikapiga.

Mchungaji alimsifu sana. Jumapili akamwombea. Madhabahuni, mayu! Jina hakutaja, ni mtu mwangalifu, alisema tu tumkumbuke "ndugu yetu wa mashine za pamba, Bwana amfungulie mlango wa Shinyanga." Kanisa zima lina mtu mmoja wa mashine za pamba. Na Mzee Nkwabi hukaa benchi la pili.

Jumatatu akaja ofisini. Unakumbuka naye ni mteja wetu, tunamtafutia mhasibu mkuu. Hakukaa.

"Mabula, ni Masanja au siye? Neno moja tu. Ukinificha, mhasibu nitamtafuta mwenyewe."

Nikisema ndiyo, nimemfukuzisha mtu kazi. Nikisema siye, nimedanganya. Nikinyamaza, nimesema ndiyo. Nikageukia kiti chako. Hukusema kitu. Hapo ndipo nilipoelewa kabisa kwamba umekufa.

Nikamwambia, "Mzee, kesho mhasibu wako wa sasa akija kuniuliza kama unamtafuta wa kumrithi, nimjibu nini?"

Alisogea hadi mezani kwangu.

"Ujeuri huu umeachiwa na yule mama," akasema. Akalichukua faili lake mezani, akaondoka nalo.

Mpaka leo sijui kama swali langu lilikuwa jibu au tishio. Wewe ungelisema kwa upole, na angekunywa soda kabla ya kuondoka.

Mchana nilimfuata Masanja nikamweleza kosa ni langu. Nilijiandaa kutukanwa. Akasema tu, "Kaka, nilikupa siri moja."

Bado hajafukuzwa. Msimu unakaribia, na mashine zile anazijua yeye. Mzee anamsalimia mlinzi, anamruka Masanja, anaingia ndani. Kila asubuhi Masanja anapita getini bila kujua kama jioni atatoka akiwa na kazi. Usaili wa Shinyanga aliufanya vizuri, mimi nilikuwepo. Kwa swali la mashine aliwafundisha wao.

Mayu, pumzika. Nakuahidi hapa kwa maandishi: simu ya mdhamini sitaigusa bila ruhusa ya mwenye jina, hata mdhamini awe malaika. Na wakiniuliza nani kaomba, nitakaa kimya hata kama kimya kitanifilisi.

Ni mimi, kasuku wako,
Mabula

Shinyanga wamejibu leo. Nafasi wamempa mpwa wa mwenye kiwanda.