Mwesiga Amerudi kutoka Muleba

Nshambya,
Bukoba.
16 Juni 2024

Mpendwa Shangazi Magdalena,

Shikamoo shangazi. Shikamoo tena, maana najua ile ya kwanza umeipokea huku ukitafuta miwani. Habari za Mpanda? Magoti yanasemaje? Mara ya mwisho uliniambia unakwenda kanisani kwa kupumzika nyumba hadi nyumba, kila nyumba wanakukaribisha uji, na ukifika unakuta padri yuko katikati ya mahubiri. Naomba Mungu hali iwe nafuu sasa. Sisi huku tunaamka na tunalala, siwezi kusema zaidi ya hapo.

Utashangaa kuletewa barua enzi hizi za simu. Lakini wewe shangazi simu huiweki sikioni. Unaiweka spika mezani, na wajukuu, jirani na muuza dagaa wote wanasikiliza. Haya nitakayokueleza si ya muuza dagaa. Ndiyo maana nimemwomba Violeth, binti wa jirani yetu anayekuja huko kuanza kazi ya ualimu, akukabidhi wewe mwenyewe mkononi.

Nianze na nyumbani Kanazi. Mama mgongo bado unamsumbua. Kibanja chetu cha migomba kimeingiwa na ule ugonjwa wa mnyauko, na ile migomba aliyoipanda marehemu baba karibu na mlango imekatwa na kufukiwa yote. Nyumba sasa unaiona tokea barabarani, imebaki wazi kama imevuliwa nguo. Mama anakaa barazani anapaangalia pale ilipokuwa. Kahawa imeanza kuiva, lakini mgongo wa kuichuma hana, nami nimeshindwa kwenda kumsaidia. Sababu ndiyo hii.

Mwesiga wangu ametimiza mwaka na miezi mitatu. Tangu azaliwe hajawahi kunipa taabu ya kunyonya. Clotilda, tunayepanga naye fremu ya cherehani, alikuwa akinitania kwamba mtoto huyu atanyonya mpaka komunio ya kwanza. Basi mwezi uliopita, bila dalili yoyote, alipolishika ziwa la kushoto nikasikia kama nimebandikwa pasi ya mkaa kwenye chuchu. Nikapiga kelele hadi mtoto akaachia akaanza kulia. Nilidhani amening'ata, maana meno ya juu yalikuwa yanatoka. Nikangoja, nikajaribu tena, maumivu yaleyale. Hata akishamaliza, ziwa liliendelea kuchoma kwa ndani, na kitambaa cha gauni kikiligusa tu machozi yananitoka.

Nilivumilia hivyo kwa siku kadhaa. Kila alipokuja na kuvuta blauzi yangu niliuma meno, nikashika ukingo wa meza, ndipo nikamruhusu. Shangazi, ni jambo baya sana kumwogopa mwanao mwenyewe.

Ndipo akaja mama mkwe, Benadetha, kutoka Muleba. Alikuja mjini kumwangalia mgonjwa akalala kwetu. Asubuhi akanikuta nanyonyesha huku nimekunja uso. Akaniuliza ziwa linauma? Nikasema ndiyo mama, tena ghafla tu. Kumbe hapo ndipo nilipojikaanga kwa mafuta yangu.

Unajua akina mama wa kwetu wanavyoamini. Mwenye kunyonyesha mtoto mkubwa ziwa likimuuma ghafla, basi ana mimba nyingine, na maziwa yale yameshakuwa ya yule wa tumboni. Yule wa nje akiendelea kuyanyonya anabemendwa, anadhoofu, miguu inalegea. Sasa mume wangu Philbert yuko Dodoma kwenye ujenzi tangu Septemba. Krismasi hakuja, Pasaka hakuja. Mama mkwe alisimama pale mlangoni, nikamwona anahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, kisha akaanza mkono wa pili.

“Waitu Dativa,” akaniambia kwa adabu ileile ya Kihaya, “mimi sitakuuliza ni nani. Lakini mjukuu wangu hutamuua.”

Hakupaza sauti, hakunitukana. Angetukana ningepata la kumjibu. Alikusanya nguo za mtoto, akamfunga mgongoni kwa kanga yangu mwenyewe, akaondoka naye Muleba kwenda kumwachisha ziwa. Nawe unajua kwamba bibi kumchukua mtoto ili amsahaulishe ziwa si ajabu kwetu, kwa hiyo majirani waliosimama nje waliona ni jambo la kawaida. Hata Clotilda alisema mwache aende, utapumzika.

Utaniuliza kwa nini sikumpokonya. Nimejiuliza mwenyewe mpaka nimechoka. Nilijua sijalala na mwanamume yeyote. Najua hivyo kama ninavyojua jina langu. Lakini lile ziwa lilikuwa linawaka, na maneno ya kwamba maziwa yangu yanaweza kumdhuru yalikuwa yameshaniingia. Nikawaza, na kama kweli yana kitu? Kwa hofu hiyo mikono yangu ikawa mizito, mtoto akapita mbele yangu mgongoni mwa bibi yake huku akinipungia. Alidhani wanakwenda sokoni.

Nilimpigia Philbert. Alikuwa ameshaambiwa. Nikasikia wenzake wakigonga nondo. Nilikuwa nangoja aseme mke wangu pole. Akasema, “Nenda kapime, halafu unitumie picha ya hicho kipimo.”

Nikakata simu nikarudi kwenye cherehani, nikashona sketi za shule hadi jioni. Maziwa yalijaa yakapita kwenye blauzi, wateja wakawa wanaangalia pembeni. Nilikuwa nayakamua kwenye kikombe na kuyamwaga kwenye shina la mgomba nyuma ya nyumba, kwa kuwa sikutaka yakanyagwe na watu.

Baadaye nilikwenda zahanati moja kule Kahororo. Sitakuficha, nilikwenda kwa sababu ya ile picha, si kwa sababu ya maumivu. Kipimo kilitoka mstari mmoja. Mimba hakuna. Nesi aliponiona nalia alidhani nilikuwa naitamani mimba, akanipa pole. Nilipomweleza habari ya ziwa akaliangalia, akaniuliza kama mtoto alikuwa ametumia dawa yoyote. Nikakumbuka kikohozi kilichompata kabla ya maumivu yangu kuanza, na ile dawa ya maji aliyoandikiwa. Akasema mara nyingine baada ya dawa za namna hiyo fangasi huota mdomoni mwa mtoto, unaona utando mweupe usiofutika, naye akinyonya anamwambukiza mama kwenye chuchu. Akanipa ya kupaka mimi na ya matone kwa ajili ya mtoto, akasisitiza tutibiwe wote wawili kwa pamoja. Akaniambia pia kwamba hata mwenye mimba anaweza kuendelea kunyonyesha mtoto wake bila kumdhuru. Hayo niliyasikia nikiwa na ziwa limejaa na mtoto yuko Muleba.

Nikapanda gari la asubuhi. Mama mkwe nilimkuta uani anageuza kahawa juani. Mwesiga alikuwa amekaa kwenye mkeka kando yake, uso umekuwa mdogo, ndizi aliyopondewa iko mbele yake haijaguswa. Kumbe tangu afike alikuwa anakataa chakula, na mama mkwe alikuwa akiwaonyesha majirani, mnaona, amebemendwa huyu, hata kula hawezi. Kukonda kwake kulikuwa ndiyo ushahidi dhidi yangu.

Nilimpakata, nikamgeuza kwenye mwanga, nikamfungua mdomo. Ulimi wote na mashavu kwa ndani vilikuwa vyeupe. Nikamwita bibi yake aje aone. Aliinama akachungulia, akajaribu kuufuta ule weupe kwa ncha ya kanga, haukufutika. Nikamweleza ya nesi na nikampa kile kipimo, nilikuwa nimekifunga kwenye leso. Alikishika kwa muda kana kwamba kitabadilika.

“Waitu, mimi ningejuaje?” alisema. Basi, ni hilo tu. Kisha akachukua panga akaingia kibanjani, akarudi na mkungu mkubwa kuliko yote niliyoiona kule, akanitafutia mtu wa kunibebea hadi barabarani. Shangazi, naujua moyo wa mama yule. Mkungu ule ulikuwa ndiyo samahani yake. Nimeuweka chini ya meza na sijaugusa. Ndizi zimeanza kuiva na kunukia nyumba nzima, nami nashindwa kuzila, nashindwa kuzigawa.

Philbert nilimtumia ile picha aliyoitaka. Akajibu, “Sawa. Mungu ni mwema.” Sasa anasema atakuja mwezi ujao tuvune kahawa pamoja Muleba, na mama yake anataka wakati huo ukoo ukae uyamalize mambo haya, na kwamba wewe ndiye wa kusimama upande wetu kwa kuwa baba hayupo. Nakuomba uje, magoti yakiruhusu. Mama mkwe usimgombeze. Alikosea kwa kumpenda mtoto, na aliyoyaamini ndiyo aliyofundishwa. Wa kumkalisha chini ni Philbert. Yeye ananijua, tumeoana kanisani, na hakuniuliza hata kama ninaumwa. Nampikia nini mtu huyo atakapoingia mlangoni? Hilo nakuuliza kweli, sitanii.

Wasalimie watoto wote, Mugisha na mkewe Joanitha, na Riyadhi jirani yako anayekuchotea maji. Mama wa Kanazi anakusalimu sana, anasema na yeye sasa anatembea kwa kupumzika kama wewe.

Nilitaka kuishia hapa ili nisikutie majonzi zaidi, lakini najua utaniuliza habari za Mwesiga, na siwezi kukudanganya. Mdomo wake umepona. Anakula, anakimbiza kuku. Ziwa langu nalo limepona, halichomi tena hata kidogo, na maziwa bado yapo, machache. Leo tulipotoka misa nilikaa naye kizingitini nikafungua blauzi. Alisogea mbio kama zamani, nikafurahi. Akaliangalia ziwa, akaligusa kwa kidole, akakunja pua na kutema, “Tfu!” Ndivyo alivyofundishwa huko na bibi yake kila alipolilia kunyonya. Kisha akaniangalia usoni anacheka, anangoja, maana kwetu akileta neno jipya huwa tunampigia makofi.

Nikampigia makofi, shangazi.

Mungu akutunze, akupe miguu ya kutufikia tungali tunakuhitaji.

Mimi mwana wa kaka yako, nikupendaye siku zote,

Dativa, mama Mwesiga