Kidonda Kisichofunga

Mdogo wangu,

Huku hatujambo. Mama anatembea bila fimbo, na paka wake amezaa tena kabatini.

Barua yako nimeipata. Unasema ulijikata na kigae, na hii ni wiki ya saba kidonda hakifungi. Pole. Kile cha Mama nilikisafisha mwaka mzima, nawe ukawatangazia ndugu wote kwamba mimi, nesi mzima, nimeshindwa na kidonda cha mama yangu mzazi. Kumbe kila jioni ulikuwa unampaka mguuni ile krimu unayochanganya mwenyewe na kuuza! Niliipeleka maabara. Imejaa steroidi, dawa kali za homoni. Zinaingia ndani ya seli, zinakamata vipokezi vya homoni na kuingia navyo kwenye kiini, na ngozi inaamriwa iache kujijenga.

Na wewe umejipaka miaka sita.

Daktari alimwandikia Mama vitamini A, ambayo ina vipokezi vyake, na ngozi ikaamka. Huyo daktari nitakupeleka kwake mimi mwenyewe. Ila kwanza njoo Jumapili, ndugu wote watakuwepo, uwaambie kwa mdomo wako nani alikizuia kidonda cha Mama kisifunge.

Ukichelewa, sawa tu. Mimi sina kidonda.

Dada yako,
nesi mzima